Mayflower: Ilioza kwanza, ikakumbukwa baadaye

Ufukweni mwa mji wa Plymouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna banda la mawe lenye nguzo nene kama hekalu la kale. Mgeni huegemea ukingo na kuchungulia chini akitarajia mwamba. Anachokiona ni jiwe la kijivu lililolala mchangani, lina mshono wa saruji ubavuni na tarakimu nne zilizochongwa juu yake: 1620.

Husimuliwa kwamba hapo ndipo walipokanyaga Waingereza walioletwa na merikebu Mayflower. Lakini William Bradford na Edward Winslow, ambao walikuwa ndani ya chombo hicho na wakaandika habari zake, hawakulitaja jiwe lolote. Lilianza kuvuma mwaka 1741, miaka 121 baadaye, mji ulipotaka kujenga gati mahali hapo na mzee wa miaka 94, Thomas Faunce, akapelekwa ufukweni kuliaga, akisema ndilo walilokanyaga wahamiaji. Mwaka 1774 wenyeji walifunga ng'ombe ili walihamishe, likapasuka vipande viwili. Nusu ya juu ilipelekwa mjini, ya chini ikaachwa ilipo. Ziliunganishwa tena mwaka 1880, na ndipo hizo tarakimu zikachongwa.

Kama jiwe lilisubiri zaidi ya karne moja kupewa heshima, merikebu yenyewe haikubahatika kusubiri. Mayflower ilikuwa ya mizigo, imezoea mapipa ya mvinyo wa Ufaransa kuliko watu. Nahodha wake, Christopher Jones, alipangiwa kuongozana na chombo kidogo, Speedwell, lakini hicho kilivuja hadi wakarudi bandarini mara mbili, mwishowe kikaachwa. Septemba 6 mwaka 1620, kwa kalenda ya wakati huo, Mayflower iling'oa nanga peke yake kutoka Plymouth ya Uingereza. Ilikuwa na abiria 102. Baadhi walikuwa waumini waliojitenga na Kanisa la Uingereza na kuishi uhamishoni Leiden, Uholanzi. Wengine walikuwa watafuta riziki tu.

Katikati ya Atlantiki dhoruba ilivunja boriti kuu. Mabaharia wakaanza kunong'ona kwamba ni heri kurudi. Kilichookoa safari ni parafujo kubwa ya chuma ambayo abiria walikuja nayo kutoka Uholanzi: waliitumia kuinua boriti hadi mahali pake, wakaisimamishia nguzo. Kijana mmoja, John Howland, alipanda juu, merikebu ikayumba, akatupwa baharini. Alidaka kamba ya henza iliyokuwa ikiburutwa majini, akaing'ang'ania hadi akaopolewa kwa upondo.

Baada ya siku 66 walitia nanga Cape Cod, Novemba 11, na wanaume 41 wakatia saini mapatano ya kujitawala. Baridi ya kwanza iliua karibu nusu ya abiria. Kijiji walichojenga Plymouth kilikuwa juu ya mahame ya Patuxet, mji wa Wawampanoag, wenyeji asilia wa eneo hilo, uliofagiliwa na tauni iliyoletwa na Wazungu kati ya 1616 na 1619. Aliyewafundisha kupanda mahindi, Tisquantum, alikuwa mwana wa Patuxet. Alitekwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza, akapelekwa Hispania kuuzwa, akafika London, na aliporudi kwao hakukuta mtu.

Aprili 1621 Mayflower iling'oa nanga kurejea Uingereza. Jones alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1624 merikebu ilithaminiwa kwa paundi 128, shilingi 8 na peni 4, ikiwa imeshachakaa kabisa. Baada ya hapo haionekani tena katika kumbukumbu. Hakuna aliyewaza kuhifadhi hata ubao wake mmoja.

Ndiyo maana ilipotakiwa, ilibidi iundwe upya. Mwingereza Warwick Charlton alitaka kuwashukuru Wamarekani kwa kusimama na nchi yake katika Vita Kuu ya Pili. Mafundi wa Brixham, Devon, wakaunda Mayflower II kwa mbao za mwaloni, na nahodha Alan Villiers akaivusha kwa tanga mwaka 1957. Hadi leo imefungwa gatini, hatua chache kutoka kwenye jiwe.

Mwaka 1970, miaka 350 ilipotimia tangu Mayflower ifike, Wamsutta Frank James wa Wawampanoag alialikwa kuhutubia karamu ya serikali ya jimbo. Waandaaji waliomba kuisoma hotuba kwanza. Walikuta ndani yake makaburi yaliyofukuliwa na mahindi yaliyoibwa siku chache tu baada ya wageni kufika, wakamwandikia nyingine. Aliikataa. Sikukuu ya Shukrani ya mwaka huo aliongoza watu hadi Cole's Hill, kilima kilicho juu ya jiwe, wakaitangaza Siku ya Maombolezo ya Kitaifa. Baadhi yao walipanda Mayflower II. Waswahili husema yaliyopita si ndwele. Kwa wazee wa Patuxet yalikuwa ndwele hasa, na iliwamaliza.

Miaka 400 ilipofika, 2020, korona ilivuruga sherehe. Plymouth ya Uingereza ilikuwa imeandaa chombo kisicho na baharia hata mmoja, kinachoongozwa na kompyuta. Kilipojaribu kuvuka mwaka 2021 kiliharibika na kurudi, mithili ya Speedwell. Kilifika mwaka 2022.

Pale Cole's Hill imesimama sanamu ya Ousamequin, kiongozi wa Wawampanoag aliyefanya mkataba na wahamiaji mwaka 1621. Iliwekwa wakati wa maadhimisho ya miaka 300, yaleyale yaliyolijengea jiwe banda lake la nguzo. Walioisimamisha waliikusudia iwe shukrani kwake. Kila Sikukuu ya Shukrani, waombolezaji hukusanyika miguuni pake.