Namba Tano Alihama

Vijana wa hapa Mushasha wakigawana namba kabla ya mechi, kelele ni zile zile. Watano wanataka tisa, watatu wanataka kumi. Namba tano anapewa yule aliyefika juzi, asiyejuana na mtu: "Wewe kaa nyuma." Ndiyo maana naandika historia ya hizi namba. Wengi tunafikiri namba tano ni mtu wa nyuma tangu zamani. Sivyo.

Huko Uingereza timu zilipangwa 2-3-5: mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Namba za mgongoni zilipoanza kuvaliwa, zilifuata mpango huo. 2 na 3 mabeki, 4, 5 na 6 viungo, 7 mpaka 11 wote mbele. Namba tano alikuwa katikati kabisa, anakaba na anapeleka mashambulizi. Aliitwa sentahafu, yaani kiungo wa kati. Leo beki wa kati tunamwita sentahafu bado. Jina limebaki, mwenyewe alihama.

Alihamishwa na sheria ya kuotea. Zamani mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu mbele yake, kipa akiwemo. Mwaka 1925 wakawa wawili, na magoli yakamiminika. Herbert Chapman wa Arsenal akamshusha namba tano katikati ya mabeki kumkaba straika, na washambuliaji wawili wa ndani wakashuka kuziba kiungo. Mfumo ukaitwa WM, kwa sababu ukiuchora unafanana na herufi hizo.

Ulidumu mpaka watu wakaufungua. Mwaka 1953, Wembley, Hungary iliifunga England 6-3. Namba tisa wao, Nándor Hidegkuti, hakukaa mbele, alishuka kiungo. Sasa beki wa kati afanye nini? Akimfuata, anaacha mlango wazi. Akibaki, Hidegkuti anacheza peke yake. Alifunga matatu. Brazil wakachukua Kombe la Dunia 1958 kwa 4-2-4, na hata hapo winga wao Mário Zagallo alikuwa anashuka kusaidia kiungo. Njia ya 4-3-3 ilipitia hapo.

Basi ukiangalia vizuri, kila mfumo ni mkopo. Ukiongeza mtu mbele, umemtoa nyuma. Tukicheza 4-3-3 na mabeki wa pembeni wakapanda, lazima namba sita ashuke, la sivyo mpira mmoja mrefu unatumaliza. Na ukirundika watu nyuma, mbele kuna njaa. Intamba mu Rugamba, kule Misri 2019, waliwazuia Nigeria mpaka dakika ya 77. Walifungwa 1-0, tena 1-0 na Madagascar, halafu 2-0 na Guinea. Ukuta haukuwa mbaya. Goli hata moja hatukupata.

Ila kuna kitu ambacho ubao hauonyeshi. Wazee wetu wa Kongo wanakumbuka 1974. Zaire walikuwa mabingwa wa Afrika, Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika michuano hiyo. Miezi michache baadaye, Kombe la Dunia Ujerumani, Yugoslavia wakawafunga 9-0. Wachezaji walikuwa na hasira ya pesa zao ambazo hawakuziona. Mguu hauwezi kukaba kama moyo umeshatoka uwanjani.

Hapo ndipo ninapomuona yule mtoto mgeni. Tunamweka nyuma kama adhabu, halafu tunamlaumu tukifungwa. Lakini beki wa kati anauona uwanja wote. Yeye ndiye anapaswa kupiga kelele, "Panda! Rudi! Mtu nyuma yako!" Asiyejua hata majina ya wenzake ataita nani?

Ndugu zangu makocha, na nyinyi wa mashirika mnaotuletea mipira: kabla ya kumpa mtoto namba tano, mwelezeni kazi yake ilitoka wapi. Halafu mwambieni majina ya wale kumi wengine.