Tiba shufaa: mhudumu wa zahanati anaanzia wapi?

“Amerudishwa nyumbani, hakuna cha kufanya tena.” Ukiishi Rungwe Mpya au kijiji kingine chochote cha Kasulu na Kibondo, kauli hii si ngeni. Shida ni kwamba siyo kweli. Ugonjwa unaweza usipone, lakini maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu vyote vina huduma yake. Huduma hiyo ndiyo tiba shufaa.

Haya ni mambo ya msingi kwa muuguzi, tabibu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na familia yenye mgonjwa ndani.

Tiba shufaa ni nini?

Ni huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito: saratani, Ukimwi, kufeli kwa moyo au figo, kiharusi, selimundu. Siyo ya siku za mwisho tu. Inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa unapogundulika, ikaenda sambamba na matibabu mengine.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu milioni 56.8 wanaihitaji kila mwaka duniani, lakini wanaoipata ni asilimia 14 hivi. Wengi wa wanaoikosa wako nchi kama zetu.

Ilianzia wapi?

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, halafu daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, akili, familia na kipato, na roho. Ukitibu upande mmoja tu, mgonjwa bado anaumia.

Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa miongoni mwa za kwanza, ikafuatiwa na Hospitali ya Kilutheri Selian, Arusha, na Hospitali Teule ya Muheza, Tanga. Chama cha Tiba Shufaa Afrika nacho kilizinduliwa Arusha mwaka 2004.

Kwa nini Kigoma ni muhimu?

Kwa sababu ya umbali. Kutoka Kasulu hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 1,000. Bugando, Mwanza, ni karibu zaidi, ila bado kuna nauli, chakula na pa kulala kwa mgonjwa na anayemuuguza. Familia inauza mbuzi, inauza shamba, na wakati mwingine mgonjwa anarudi hali ile ile.

Ndiyo maana kazi kubwa inabaki kwa zahanati na kituo cha afya. Tiba shufaa haihitaji jengo jipya wala mashine. Inahitaji mtu aliyefundishwa, dawa chache, na mfumo wa kumfuata mgonjwa nyumbani.

Pima maumivu kwanza

Maumivu hayaonekani, kwa hiyo uliza. Njia rahisi ni mkono: ngumi iliyofungwa ni “siumwi kabisa”, vidole vitano ni “maumivu makali kuliko yote”. Hata mtoto au bibi asiyejua kusoma anaweza kujibu. Andika namba kwenye faili, kisha uliza tena baada ya dawa. Kama namba haijashuka, mpango ubadilike.

Dawa: ngazi ya WHO

Mwaka 1986 WHO ilitoa ngazi ya hatua tatu:

1. Maumivu madogo: paracetamol au ibuprofen.
2. Ya kati: codeine au tramadol.
3. Makali: mofini.

Miongoni mwa kanuni zake ni hizi mbili. Dawa ipite mdomoni kama mgonjwa anaweza kumeza, na itolewe kwa saa, siyo kusubiri mpaka alie.

Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Kwa kawaida dozi ya usiku huongezwa mara mbili ili mgonjwa alale bila kuamshwa. Inafunga choo, kwa hiyo iende pamoja na dawa ya kulainisha choo. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo mara nyingi huisha vyenyewe.

“Mofini si inaua?”

Swali hili utalisikia sana, hata kutoka kwa wahudumu wenzako. Jibu: ikitolewa kwa dozi sahihi na kufuatiliwa, haiharakishi kifo, na uraibu kwa mgonjwa mwenye maumivu makali ni nadra. Inachotakiwa ni utaratibu. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria, hivyo inataka cheti cha mwenye mamlaka, kabati lenye kufuli na rejista isiyo na mapengo. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa sababu madaktari hawafiki vijijini.

Kumwambia mgonjwa ukweli

Hapa ndipo wengi tunakwama. Fuata hatua hizi:

- Tafuta faragha, kaa chini.
- Muulize anajua nini kuhusu ugonjwa wake.
- Muulize anataka kujua kiasi gani, na nani awepo.
- Sema kwa maneno mepesi, kidogo kidogo.
- Nyamaza. Akilia, usikimbilie kuongea.
- Mwambie kitakachofuata na siku utakayorudi.

Kama mzee anaongea Kiha zaidi kuliko Kiswahili, tafuta mhudumu anayekijua. Usimtumie mjukuu kama mkalimani. Mtoto hawezi kubeba habari hiyo, na mara nyingi ataificha.

Unajifunzia wapi?

- Kwa simu: ecancer wana kozi ya bure mtandaoni ya tiba shufaa kwa wahudumu wa Afrika. Iko kwa Kiingereza.
- Kwa cheti kikubwa: Taasisi ya Hospisi na Tiba Shufaa Afrika, Kampala, inatoa diploma na shahada.
- Kwa vitendo: omba kupitia mganga mkuu wa wilaya ukakae wiki chache kwenye hospitali yenye timu ya tiba shufaa.
- Kazini: kila mwezi kaeni mjadili mgonjwa mmoja. Nini kilisaidia, nini kilichelewa?

Muuguzi, hifadhi vyeti vya mafunzo yako. Mafunzo endelevu yanahesabika unapohuisha leseni.

Na wewe mhudumu je?

Kuuguza wanaokufa kunachosha. Ukianza kukosa usingizi, kuwakasirikia ndugu wa mgonjwa au kukwepa nyumba fulani, zungumza na mwenzako mapema. Siyo udhaifu.

Kwa familia

Ukiambiwa “hakuna cha kufanya”, uliza maswali matatu kabla ya kuondoka: atapewa dawa gani ya maumivu? Ikiisha tunaipata wapi? Tukizidiwa usiku tumpigie nani? Andika majibu kwenye karatasi, uje nayo zahanati ya kwenu.