Kutoka Spika ya Dirishani Hadi Sabufa ya Mbweni: Besi Ilivyoingia Sebuleni

Nenda Kariakoo leo, ingia duka lolote la vifaa vya muziki, sema unataka sabufa. Muuzaji hawezi kukuletea boksi moja la besi peke yake. Atakuwekea mezani seti nzima: boksi kubwa, spika mbili au tatu ndogo, rimoti, sehemu ya kuchomeka flashi, bluetooth na taa zinazowaka-waka kama disko. Kwa Mbongo, hiyo yote ndiyo sabufa. Kwingineko duniani neno hilo ni la lile boksi la besi tu, ambalo kazi yake ni kusaidia spika nyingine.

Hii siyo stori ya lugha peke yake. Kifaa kikishaitwa sabufa, mwenye nacho anaona besi ndiyo bidhaa aliyonunua, kwa hiyo anaifungua mpaka mwisho. Halafu kesho yake analalamika kwamba muvi haisikiki maneno.

Enzi za Drive-In

Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya Drive-In pale Msasani, barabara ya zamani ya Bagamoyo. Familia zilikuwa zinaingia na gari, zinapaki mbele ya skrini kubwa, watoto nyuma na chakula chao. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo ya kuning'iniza dirishani. Besi hapo ilikuwa hakuna kabisa, na watu walienjoi vilevile. Eneo lile leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani.

Huko Hollywood mambo yalibadilika 1974. Filamu ya Earthquake ilikuja na mfumo ulioitwa Sensurround, mabufa makubwa yaliyotoa mngurumo wa chini sana ili mtazamaji aone kama ardhi inatikisika kweli. Ukumbi mmoja maarufu wa Los Angeles ulifunga wavu chini ya dari, maana kulikuwa na hofu ya plasta kuwadondokea watu. Kwa hiyo tangu mwanzo mngurumo ule uliwekwa kwa ajili ya matukio machache: tetemeko, mlipuko, ndege inayopita.

Mwaka 1992 ikaja Batman Returns na sauti ya dijitali ya Dolby. Hapo ndipo dunia ilipozoea namba 5.1. Ile tano ni spika za kawaida. Ile nukta moja ni njia ya besi tu, inayoishia Hz 120. Imeitwa nukta moja kwa sababu inachukua kipande kidogo sana cha sauti yote. Yaani kifaa ambacho Dar kimepewa jina la seti nzima, kwa waliokibuni kilikuwa nukta tu.

Bongo ilivyoipata besi

Kabla ya hapo mtaani kulikuwa na redio za National na ufundi wa kujiongeza. Kuna waliotoa spika kwenye redio iliyokufa wakaitumbukiza kwenye mtungi au ndoo, na besi ikaja. Haikuwa uchawi. Spika iliyo wazi inatoa sauti mbele na nyuma, na hizo mbili zinafutana kwenye besi. Mtungi unaikamata ile ya nyuma. Mafundi seremala wa mitaani walikuwa wanafanya kitu hichohicho kwa mbao.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mzigo wa redio kaseti na deki za video ukaanza kumiminika. Vikazaliwa vibanda umiza, benchi za mbao na televisheni moja, na baadaye watafsiri wakawa mastaa kuliko waigizaji wenyewe. Miaka ya 1990 uswahilini kukawa na mchiriku, kinanda kidogo cha Casio kinachopigwa kwenye spika za honi mpaka zinapasuka sauti. Ukisikiliza vizuri, hiyo yote ilikuwa sauti ya juu na ya kati. Dar ilikuwa jiji la honi.

Televisheni za Bara zilianza 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam. Ving'amuzi vikaingia majumbani, na zile televisheni za kisogo zikaendelea kupisha flati skrini. Tatizo la flati ni wembamba wake: spika zake ni ndogo na zinatazama nyuma au chini. Picha kali, sauti ya mbu. Sabufa ikaziba pengo hilo, na ikawa kifaa cha lazima hata kwenye chumba kimoja cha kupanga.

Mbweni: sebule kubwa, tatizo jipya

Sasa sogea Mbweni, huko mwisho wa Kinondoni, baharini. Palipokuwa na minazi na wavuvi sasa kuna nyumba za geti, sebule pana, tailizi chini, gypsum juu, madirisha makubwa ya vioo. Wenye nyumba wanafunga home theater za maana. Na hapo ndipo tabia ya kufungua besi mpaka mwisho inapogonga ukuta, tena ukuta wenyewe wa tofali.

Kwa joto la Dar, sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi la besi la Hz 40 lina urefu wa karibu mita 8.7, refu kuliko sebule nyingi. Kwenye chumba cha mita 5 kwa 6, wimbi linagonga kuta na kurudi, na chumba chenyewe kinaanza kuimba kwenye takriban Hz 35 na Hz 29. Matokeo yake besi haikai sawa kila mahali. Aliyekaa katikati ya chumba anaikosa hiyo ya chini kabisa, na aliyeegemea ukuta wa nyuma inamfunika. Ndiyo maana mume anasema besi haitoshi na mke aliyekaa kochi jingine anaumwa kichwa. Wote wawili wanasema kweli.

Watu wengi wanaisukuma sabufa kwenye kona ili isionekane. Kona inaongeza besi bila kugusa kitufe chochote, kwa sababu kuta mbili na sakafu zinairudisha sauti. Ni faida kama kifaa ni kidogo, lakini mara nyingi inatoa ule mdundo wa "buuu" usioisha.

Dawa yake ni ya kizamani na haina gharama. Weka sabufa pale unapokaa, hata juu ya kochi. Piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa pembeni mwa kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Pale ambapo kila noti inasikika sawa, bila moja kuvimba, ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Watoto watakucheka, lakini inafanya kazi.

Halafu kiwango. Mwenye resiva atumie ile sauti ya majaribio na kuweka spika zote, pamoja na sabufa, zisome sawa pale anapokaa. Kiwango kilichozoeleka ni desibeli 75, na app ya kupima sauti kwenye simu inatosha kulinganisha. Krosova ianzie Hz 80. Mwenye sabufa ya kawaida ya Kariakoo ashushe besi mpaka sifuri, aweke taarifa ya habari au muvi ya kutafsiriwa, kisha apandishe taratibu. Sauti ya mwanaume inaanzia chini, karibu Hz 85 mpaka 180, na seti nyingi za bei rahisi zinaipeleka sehemu hiyo kwenye boksi la besi. Mtafsiri akianza kuongea kama yuko ndani ya pipa, umeshapitiliza. Rudi nyuma kidogo.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Sabufa ikiwa imewaka, mgeni asiweze kuonyesha kwa kidole besi inatokea wapi. Ukiizima, aulize kuna nini kimepotea.

Jirani naye anasikiliza

Fensi ya Mbweni inazuia macho, na inapunguza zile sauti nyembamba. Besi inapita. Wimbi la mita nane halijali tofali la nchi sita. Jirani hasikii wimbo wala maneno, anapata mtetemo tu, saa sita usiku, na mtoto mchanga ndani. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinataja kelele na mitetemo kwa pamoja, na NEMC wameshafungia baa na kumbi kwa sababu hiyo. Ila jirani wa mtaani kwa kawaida haendi NEMC. Anaanza kwa kununa, kisha anakwenda kwa mjumbe, na ujirani wa miaka unakwisha kwa sababu ya kitufe kimoja.

Wazee wa Drive-In walitoka Msasani usiku wakisimulia stori ya filamu. Wa sasa wana mitambo ya mara mia ya ile, na wengi wanatoka wakiuliza "alisema nini pale?" Kabla ya kutoa laki kadhaa kununua sabufa kubwa zaidi, hamisha kwanza uliyonayo.

Vipi mdau, ya kwako iko kona gani? Na jirani anasemaje? Dondosha koment hapo chini.