Ngoma Ilivyoingia Kanisani



Huku kwetu Misima, Misa ya Dominika isiyo na ngoma ingeonekana kama mboga isiyotiwa chumvi. Wengi hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu, akaikataza ngoma kanisani pamoja na ala nyingine za kelele. (Piano nayo ilikatazwa katika kifungu kilekile, jambo ambalo wapenda vinanda hawapendi kukumbushwa.) Basi Wakristo wa enzi hiyo waliziacha ngoma zao nje ya mlango, wakaimba Kilatini.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa elimu ni Mtanzania mwenzetu, Padre Stephen Mbunga. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alizichambua sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu kwa kuzihusisha na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Papa Paulo VI alitangaza Konstitusio ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambayo kifungu chake cha 119 chaagiza muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Mlango ukafunguka. Lakini twaungama kwamba sisi mapadre na walimu wa kwaya tumeupita kwa haraka. Maelekezo ya Musicam Sacram, ya tarehe 5 Machi 1967, yazipanga nyimbo za Misa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya padre na watu wote: salamu na itikio lake, Mtakatifu, Baba Yetu. Ya pili ni kama Bwana utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo. Nyimbo za mwanzo, za vipaji na za komunyo ni za ngazi ya tatu, nayo haipaswi kutumika bila ile ya kwanza.

Sisi tumeezeka kabla ya kuweka msingi. Wimbo wa vipaji waimbwa kwa sauti nne, kwa ngoma, kayamba na vigelegele, padre akingoja altareni. Kisha salamu ya Utangulizi twaisoma mbiombio. Na bibi aliyeketi nyuma, asiyefundishwa wimbo ule mpya, aitazama kwaya kimya. Baba Yetu aijua. Pasaka iliyopita tuliiimba sote kwa sauti moja, kwa ngoma moja tu, naye tulimsikia hadi altareni.