Usalama wa vyombo vya abiria Ziwa Victoria: Ggaba na funzo la MV Templar

Mwalo wa Ggaba, katika Divisheni ya Makindye mjini Kampala, ni lango la wafanyabiashara na wasafiri wanaoelekea visiwa vya Koome na fukwe za Mukono. Ni hapo pia ilipoanzia safari ya MV Templar, Jumamosi ya Novemba 24, 2018.

Boti hiyo ilizama jioni karibu na ufukwe wa Mukono ikiwa na watu waliokuwa katika matembezi ya starehe. Zaidi ya watu 30 walikufa, akiwemo mmiliki wake. Kwa mujibu wa polisi, chombo cha watu 50 kilibeba zaidi ya 90. Hakikuwa na leseni na hali yake ilikuwa mbovu. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kuokoa.

Miezi miwili kabla, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, Tanzania, na kuua zaidi ya watu 220. Chanzo kilikuwa kilekile: kujaza kupita kiasi. Kwa hiyo tatizo haliko kwa boti binafsi pekee, kwani MV Nyerere ilikuwa mali ya serikali.

Uganda ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, inayohusu usajili, leseni na ukaguzi wa vyombo. Msimamizi ni Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina Sheria ya Usafirishaji Ziwa Victoria ya mwaka 2007, iliyolenga kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Uganda na Tanzania pia zimo katika mradi wa mawasiliano na uokoaji ziwani unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Ushirikiano na sekta binafsi si jambo geni. Kimataifa, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, na chama cha wenye vivuko, Interferry, vilitia saini makubaliano ya usalama mwaka 2006. Nchini Uganda, vivuko vya Bukakata na Luku vilianza kuendeshwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi.

Hata hivyo, Agosti 2023 boti iliyotoka Kalangala kwenda Kasenyi ikiwa na mkaa, vyakula na dagaa ilizama, watu 20 wakafa. Mzigo mkubwa na hali mbaya ya hewa vilitajwa.

Hapo ndipo sheria inapomhitaji mfanyabiashara. Nahodha hujaza boti kwa sababu kila gunia na kila abiria wa ziada ni nauli. Kabla ya kupakia, mwenye mzigo aulize leseni, cheti cha ukaguzi, idadi inayoruhusiwa na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Boti ikijaa, asubiri inayofuata. Siku moja ya kuchelewa ni hasara ndogo kuliko mtaji wote kuzama, pamoja na mwenyewe.