Kifyatulio kipya, mshale umehama: kosa la nani?



Mwezi Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipitisha upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, uingie Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa mashindano ya timu mchanganyiko, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ni mara ya kwanza upinde huo kuingia Olimpiki. Tangu hapo washkaji wananiuliza swali lile lile: kile kidude wanachovutia kamba badala ya vidole kinafanya nini? Si ni ujanja tu wa kupata shabaha bila jasho?

Jibu fupi: hapana. Mimi mwenyewe kimeshaniadhiri. Leo naandika ninachokijua, mjiwekee.

ILIVYONIKUTA

Siku mbili kabla ya shindano dogo nilinunua kifyatulio kipya cha kubonyeza kwa kidole gumba. Cha zamani kilikuwa cha kufunga mkanda kwenye kifundo cha mkono na kubonyeza kwa kidole cha shahada. Mazoezini, mita 18, mishale ilisogea kushoto kidogo tu. Nikasema poa, hamna noma.

Siku yenyewe tulipiga mita 50. Mishale mitatu ya kwanza ikatua kushoto, imebanana kama ndizi kwenye chane. Sasa piga hesabu: sentimita 2 kwa mita 18 zinakuwa zaidi ya 5 ukifika mita 50, na duara la 10 kwa kompaundi lina upana wa sentimita 8 tu, yaani 4 kutoka katikati. Badala ya kutulia nikaanza kuogopa. Nikawa nabonyeza kwa kushtuka, mishale ikatawanyika, nikasogeza kilengeo, ikatawanyika zaidi. Mshale mmoja ukaukosa ubao mzima. Imekula kwangu, nikashika mkia.

Jioni nikamwambia kila mtu kwamba upinde umeharibika. Upinde ulikuwa mzima kabisa.

VIDOLE NA KIFYATULIO

Ukiachia kamba kwa vidole, kamba haitoki moja kwa moja. Inateleza kwenye ncha za vidole na kusukumwa pembeni kidogo. Mshale nao unapinda kushoto na kulia kama samaki anayeogelea, huku ukiupita mwili wa upinde. Ndiyo maana ugumu wa mshale lazima ulingane na nguvu ya upinde.

Kifyatulio kinashika kamba mahali pamoja padogo, mara nyingi kwenye kitanzi kilichofungwa nyuma ya mshale. Kikiachia, kamba inakwenda karibu na mstari ulionyooka, na mshale haupindi sana pembeni. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye vidole kwenda kwenye kifyatulio, upinde ule ule na mshale ule ule, asitegemee kupiga pale pale.

Na si uvumbuzi wa juzi. Waturuki, Wamongolia na Wachina walivaa pete ya kidole gumba kuvutia kamba karne nyingi zilizopita. Wahadzabe wetu kule Ziwa Eyasi wao wanatumia vidole tu na nyama inapatikana. Kompaundi yenyewe ilibuniwa Marekani na Holless Allen, akapewa hataza mwaka 1969.

AINA ZA VIFYATULIO

1. Cha mkanda, kidole cha shahada. Rahisi kujifunza, rahisi pia kukibonyeza kwa pupa.

2. Cha kidole gumba. Kinashikwa kiganjani, kwa hiyo mkono unakaa tofauti kwenye taya.

3. Cha kuzunguka. Hakina kitufe. Kinaachia pale mkono unapozunguka kidogo huku misuli ya mgongo ikivuta. Hiki ni kizuri kwa wenye pupa, ila ukikosea wakati wa kuvuta, utajipiga ngumi ya uso. Anza na kipande cha kamba ulichokifunga kitanzi, si na upinde.

4. Cha kuvuta mpaka kiachie chenyewe, uzito ukifika kiwango ulichoweka.

KWA NINI MSHALE UNAHAMA

Ukibadilisha kifyatulio, urefu wake unabadilika na mkono unatua mahali pengine usoni. Hapo mahali mimi napaita kituo. Kituo kikihama, kichwa kinahama, jicho linatafuta kitundu cha kuchungulia kwenye kamba, na uso unaikandamiza kamba tofauti. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, uso ukiisukuma kamba nje, mkia wa mshale unakwenda kulia na ncha inatazama kushoto. Ndicho kilichonikuta.

Kwa wanaotumia rikavu, upinde wa Olimpiki usioruhusiwa kifyatulio wala kitundu, kituo ndicho kilengeo cha nyuma. Chukua mshale uliovutwa sentimita 70: mkia ukipanda au kushuka milimita 1, kwenye mita 70 unakosea kama sentimita 10. Duara la 10 pale lina sentimita 6.1 tu kutoka katikati. Milimita moja, umeshapoteza 10!

Makosa mengine hayaponywi na kifaa chochote: kuukaba upinde kwa kiganja, kushusha mkono wa mbele kabla mshale haujaondoka (mshale unakwenda chini), na kulegeza mvuto dakika ya mwisho (chini tena).

Jamani, mtindo mzuri si lazima ufanane na wa kwenye picha. Mmarekani Matt Stutzman hana mikono. Anashika upinde kwa mguu, kifyatulio kimefungwa begani, anakifyatua kwa taya. Alichukua dhahabu ya kompaundi kwenye Paralimpiki ya Paris 2024. Siri ni kurudia kitu kile kile kila mara.

JIPIME MWENYEWE

Usiguse kilengeo kwanza. Simama mita 18 au 20. Piga mishale 6 kwa kifyatulio cha zamani, 6 kwa kipya, kwa zamu zamu, mishale ile ile, siku ile ile. Chora ilipotua. Rudia siku nyingine.

Kundi likihama lakini limebanana, kifaa kimekubadilishia kituo: sogeza kilengeo. Kinaufuata mshale, ukitua kushoto kisogeze kushoto. Kundi likitawanyika, kilengeo hakina kosa. Rudi karibu, mita 5, piga bila alama ya kulenga, ujifunze kuachia bila kushtuka.

Na tafadhali: usivute upinde na kuachia bila mshale, unaweza kupasuka. Usivute kifyatulio kigeni ukielekeza kwingine zaidi ya ubao. Usibadilishe kifaa wiki ya shindano.

Ile pesa ya kifyatulio kipya ningelipia mazoezi ya mwezi mzima. Nilinunua kifaa ili kifiche kosa langu, kikalionyesha mbele za watu. Sasa ninacho kile kile, na mishale imerudi katikati.

Wewe mshale wako unakwenda wapi? Niambie unatumia mkono gani, umbali gani, na unatua upande gani. Maoni hapo chini, nitajibu wote. Tupo pamoja.