Filamu ya sanamu: namna ya kutengeneza vitu ambavyo wahusika wanashika

Kikundi cha wanafunzi kikianza filamu ya picha kwa picha, wote wanafikiria kwanza sanamu ya mhusika. Lakini kazi nyingi inaharibika juu ya vitu vidogo: bidoni, jembe, mlango, chukudu. Kitu kikivunjika katikati ya tendo, munaanza tena.

Shida iko kwenye hesabu. Kwa kawaida filamu inapita picha 24 kila sekunde. Wanafunzi wengi wanapiga 12 tu, kila moja inaonyeshwa mara mbili. Basi sekunde 10 ni picha 120, na karibu kila picha mkono unagusa kitu. Kitu kizuri ni kile kinachovumilia kuguswa hivyo bila kulegea.

Tuchukue mfano wa chukudu.

Kipimo. Mukubaliane mbele ya kukata mbao. Kama sanamu ya sentimetre 20 inasimama pa fasi ya mtu wa metre 1,60, kila kitu kinagawanywa kwa 8. Chukudu ya metre 2 inakuwa sentimetre 25. Muandike hesabu hiyo ukutani, juu kila mmoja anatengeneza kipande chake kwao.

Tendo. Mujiulize: chukudu itafanya nini? Kama ni kushuka kilima, magurudumu yazunguke na usukani ugeuke. Vingine muvigande kwa gundi. Ekseli iwe msumari mwembamba, na shimo libane kidogo: gurudumu lizunguke ukilisukuma, likae ukiliacha. Upande ambao kamera haioni, muchore alama ili kila picha gurudumu liendelee sawasawa. Mfuko wa makala musijaze mchanga. Mutie sifongo na waya laini wa aluminiamu, utainama na kubaki vile munataka.

Kushikilia. Chukudu yenye magurudumu mawili inaanguka. Mupitishe waya mgumu nyuma yake hadi kwenye meza. Mbele ya yote mupige picha ya mandhari tupu; kiisha kwenye kompyuta mutaitumia kufuta ule waya. Kwa mkono, mutoboe tundu dogo kwenye kiganja, na kitu kiwe na ncha ya waya inayoingia humo.

Akiba. Kitu chenye kushikwa sana mutengeneze viwili.

Kikundi chenye kufanya kazi kwa kompyuta kinaweza kutumia Blender, programu ya bure. Ukiisha kuiweka, inafanya kazi hata bila intaneti. Sheria ni ile ile: nukta ya kuzungukia ikae katikati ya ekseli, magurudumu yafuate mwili, mwili ufuate kishikio kimoja. Kila kipande kiitwe jina lake, kwa mfano «gurudumu_mbele». Mukiacha «Cube.014», mwenzako atakayepokea faili hatajua ni nini.

Njia hii si ngeni kwetu. Mkongomani Jean-Michel Kibushi alitoa «Le Crapaud chez ses beaux-parents» mwaka 1991, kiisha akatengeneza «Prince Loseno» kwa sanamu mwaka 2004.

Mbele ya siku ya kazi, mupige picha 12 za majaribio. Hiyo ni sekunde moja tu, lakini itaonyesha kama gurudumu linateleza ao kama mkono unaachia. Afadhali kujua leo kuliko kwenye picha ya 119, umeme ukiwa karibu kukatika.